Darasa Limejaa, Lakini Acheni Lionekane

Msimu wa mafunzo mafupi ukikaribia hapa Pemba, simu yangu haipumui. Wanaopiga ni wengi na swali lao ni moja: "Darasa lipo?" Atauliza mama wa Micheweni anayetaka kujifunza kutengeneza sabuni ya mwani, atauliza kijana wa Mkoani anayetafuta umeme jua, atauliza baba aliyeko Unguja kikazi kwa ajili ya bintiye aliyebaki Wete. Swali ni la maneno mawili, lakini ndani yake mna matatu. Hilo darasa mnalifundisha kweli? Sasa hivi mnapokea watu? Na mimi nitapata nafasi? Karani akijibu "halipo" kwa kuwa nafasi zimekwisha, muulizaji anakata simu akiamini kwamba somo hilo halifundishwi tena. Mwakani hatouliza. Na jirani yake atamwambia asijisumbue.

Kazi yangu ni kuratibu mafunzo katika kituo kidogo hapa Chake Chake. Tunafundisha ushoni, kompyuta, upishi wa hoteli, usindikaji wa mwani na ufungaji wa umeme jua. Sehemu ya kazi hii ambayo watu hawaioni ni kuamua, kwenye tovuti na kwenye mfumo wa kusajili, darasa gani lionekane, lini lionekane, lini usajili ufunguliwe na lini ufungwe. Wengi huiona kazi ya fundi wa kompyuta. Mimi naihesabu katika maamuzi mazito kabisa anayofanya mratibu, kwa sababu hapo ndipo panapoamuliwa nani atasoma na nani atabaki nyumbani. Ninalotaka kuwaambia waratibu wenzangu wa Unguja na Pemba ni hili: kuonekana kwa darasa ni jambo moja, na kupokea watu ni jambo jengine. Tukiyafunga pamoja, wanaoumia ni watu wa mbali.

Katika vituo vingi nilivyovipitia, mambo haya mawili yameshikwa na kitufe kimoja. Darasa likijaa, anayeshughulikia tovuti analificha. Ni rahisi na ni haraka: simu zinapungua, hakuna anayejaza fomu bure. Lakini tazama linalofuata. Anayekaa karibu na kituo anajua kwamba darasa lipo, maana anapita nje anasikia vyerehani. Ana shangazi anayefanya usafi pale, ana rafiki aliyemo darasani. Mtu mmoja akiacha kesho, yeye ndiye wa kwanza kupata habari. Aliyeko Konde au Makangale hana pengine pa kuchungulia isipokuwa simu yake, na kwenye simu yake darasa halimo. Nafasi ile haitobaki tupu. Itachukuliwa na mwenye jamaa pale kituoni, na wala hakuna aliyekusudia kudhulumu mtu.

Siku mbili tatu kabla ya Idi, tiketi za boti baina ya Unguja na Pemba hukwisha. Hakuna anayeifuta boti kwenye ratiba kwa sababu imejaa. Watu wanajua inaondoka saa ngapi, wanajua wakiikosa hii watafute ya kesho, na wengine wanashuka bandarini Mkoani kwa matumaini kwamba kuna atakayeghairi safari. Darasa nalo linastahiki kutendewa hivyo hivyo.

Sisi tunatumia Moodle, programu ya kuendeshea masomo kwenye mtandao iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Kituo kidogo kinaimudu kwa sababu haina malipo ya leseni. Ndani yake, mipangilio ya darasa ina sehemu ya kuonekana: onyesha au ficha. Halafu kuna sehemu nyengine kabisa, ya njia za kujiandikisha, ambako unaweza kuruhusu au kuzuia usajili mpya, kuweka tarehe ya kuanza na ya mwisho, kuweka idadi ya juu ya watu, na kuweka nenosiri la kuingilia. Sehemu hizi mbili zimetenganishwa kwa sababu. Anayeficha darasa kwenye Moodle hawazuii wageni tu. Wanafunzi waliokwisha kuandikishwa nao hawalioni tena. Linatoweka kwenye kurasa zao pamoja na masomo, kazi walizokusanya na alama zao. Mwalimu yeye anaendelea kuliona, limefifia rangi tu, kwa hiyo hashtuki.

Nimeyaona haya kwa macho yangu katika kituo kimoja cha Unguja nilikokwenda kusaidia. Darasa la kompyuta lilikuwa limejaa, karani akalificha Ijumaa kabla ya kwenda kuswali, kusudi watu waache kujiandikisha. Jioni wanafunzi wakafungua simu zao wapitie maelezo ya mtihani wa Jumapili, darasa halipo. Kundi la WhatsApp likawaka moto. Mmoja akaandika kwamba labda amefukuzwa kwa kuwa ada yake haijatimia, na usiku ule ule akaenda kukopa kwa kaka yake. Mwengine akaona ndio Mungu hakumjaalia, akasema yeye haji tena. Mwalimu alipoulizwa alifungua kompyuta yake, akaliona darasa liko, akawajibu kwamba bando zao zimekwisha. Hadi Jumamosi mchana hakuna aliyejua kilichotokea.

Kilichohitajika pale ni kuzuia usajili mpya na kuacha uliopo uendelee. Moodle ina vipengele hivyo viwili mbali mbali, na ni lazima anayevishika avijue: ukizima usajili mpya, mlango unafungwa kwa wageni peke yao, ukizima usajili uliopo, waliojiandikisha wenyewe nao wanasimamishwa. Siku zote nawaomba makarani wafungue akaunti ya mwanafunzi wa majaribio, waingie kwa jina hilo kila wanapobadilisha kitu. Unachokiona wewe msimamizi sicho anachokiona mwanafunzi. Hapo ndipo matatizo mengi ya mifumo hii yanapoanzia, na dakika moja ya kuingia kama mwanafunzi inayamaliza.

Wasio na Moodle wanatumia fomu za Google Forms, na hakuna aibu katika hilo, zinafanya kazi. Lakini fomu ikizimwa humwonyesha mtu ujumbe wa jumla kwamba haipokei majibu tena, na mara nyingi ujumbe huo unatoka kwa Kiingereza. Mtu wa Kangagani aliyetumia bando lake la mwisho kufungua fomu anakutana na mstari mmoja usiomwambia kitu. Pale pale kwenye kitufe cha kuzima kuna kisanduku cha kuandika ujumbe wako mwenyewe. Wetu unasema hivi: "Nafasi za darasa hili zimekwisha. Darasa linaendelea na litafunguliwa tena baada ya karafuu. Ukitaka tukuweke kwenye orodha ya kusubiri, tupigie au mwambie sheha wako." Ni sentensi tatu, lakini anayezisoma anajua pa kushika.

Darasa kwetu hupita katika hali kadhaa kabla ya kumalizika. Kwanza linakuja: linaonekana, lina maelezo yake, ada yake, siku zake, lakini hakuna anayeweza kujiandikisha bado. Kisha linapokea. Kisha limejaa, na linaonekana limejaa. Kisha linaendelea, na mwisho limemalizika. Katika hali zote hizi linabaki mbele ya macho ya watu, na ni katika moja tu ndipo mlango uko wazi.

Ile hali ya kwanza ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi. Vituo vingi hutangaza darasa na kufungua usajili siku moja. Anayeweza kulipa siku hiyo ni nani? Ni mwenye mshahara. Mama anayecheza upatu anajua zamu yake itafika lini. Akiliona darasa mwezi mmoja kabla, ataomba abadilishane zamu na mwenzake. Kijana anayevua atajua aweke kando kiasi gani cha mauzo ya samaki. Mwenye mtoto mchanga atapanga na bibi wa mtoto. Watu wetu hawakosi hamu ya kusoma. Wanachokosa ni taarifa inayofika mapema kiasi cha kuwawezesha kujipanga. Kwa hiyo kwetu darasa huonekana wiki nne kabla ya usajili kufunguliwa, na tarehe ya kufunguliwa imeandikwa pale pale.

Tarehe, na saa. Hapa kwenye saa watu huumia bila mtu yeyote kukusudia.

Kituo kimoja cha mjini kilitangaza kwamba mwisho wa kujiandikisha ni saa 12 jioni. Aliyeweka mipangilio ya mfumo akaandika 12:00 na kuchagua mchana, kwa jinsi mfumo unavyohesabu. Saa kumi na mbili ya mfumo huo ni saa sita yetu. Usajili ukafungwa adhuhuri, watu wanatoka kuswali, na wote waliopanga kujaza fomu baada ya kazi wakakuta pamefungwa na tangazo mkononi mwao linasema bado. Malalamiko yakaja, kituo kikajibu kwamba mfumo haukosei. Kweli, mfumo ulifanya ulichoambiwa. Lakini aliyeahidiwa saa 12 jioni alinyimwa haki yake, na kujibu kwamba mfumo haukosei hakumrudishii nafasi.

Kuna na hili la seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Seva nyingi tunazokodi ziko nje, na ikiwa hakuna aliyezibadilisha huhesabu saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiuambia mfumo ufungue usajili saa 12 asubuhi, utafungua saa 3 asubuhi ya huku. Ukiuambia ufunge saa 6 usiku, utafunga saa 9 usiku, na wale wanaokesha na simu watapata saa tatu ambazo hazikutangazwa. Tiba yake ni kuchagua ukanda wa saa wa Dar es Salaam katika mipangilio ya tovuti nzima, kisha kuhakikisha kwamba na akaunti za makarani zinafuata huo huo.

Na tusisahau kwamba kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana. Ukimwambia mtu mzima wa Pemba "mwisho usiku wa Ijumaa", atakuelewa kuwa ni Alhamisi baada ya Magharibi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Kijana wake ataelewa Ijumaa yenyewe baada ya Isha. Wote wako sahihi, na mmoja atachelewa. Ndiyo maana sisi hatufungi usajili usiku kabisa. Tunafunga saa 10 alasiri ya siku ya kazi, na tangazo linaandika jina la siku, tarehe na mwaka. Saa kumi alasiri ofisini kuna mtu, simu inapokewa, na kama mtandao umekata au umeme umekatika mtaani kwao, mtu anaweza kupiga akasikilizwa.

Lini mlango ufunguliwe ni suala ambalo fundi hawezi kukujibu, ni lazima umjue mwanafunzi wako. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wanawake wengi wa vijiji vya pwani wamekuwa wakipanga siku zao kwa maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, maji hukupwa sana, na katika pwani zetu huwa yamekauka asubuhi, saa nne hivi. Hapo ndipo wafungaji mwani wanapokuwa kazini, wamechutama ndani ya maji ya magotini, wanafunga mbegu kwenye kamba kwa vikamba vidogo viitwavyo tai-tai, wanavuna uliokomaa, wanakaza vigingi. Simu ziko nyumbani, au ziko ukingoni ndani ya mfuko wa nailoni. Usajili ukifunguliwa saa tatu ya asubuhi hiyo na nafasi ni kumi na mbili, zitakwisha kabla mwanamke wa mwani hajarudi nchi kavu.

Mama mmoja wa Kojani alikuja ofisini kwetu kuulizia darasa la sabuni ya mwani ambalo halikuwa letu, lilitangazwa na taasisi nyengine. Alikuwa amevuka kwa mashua, akapanda gari mpaka Chake. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjana kwa maji ya chumvi na katikati ya kiganja kuna mstari wa kamba. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipa simu ya mwanawe nisome.

"Mwanangu, hii walifungua lini?"

"Jumanne, mama, saa tatu asubuhi."

"Jumanne ilikuwa bamvua." Akainyoosha mikono yake juu ya meza. "Darasa la mwani, na wenye mwani wote tuko majini. Sasa kaandikishwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Baadaye nilisikia kwamba waliopata nafasi wengi wao hawakuwahi kufunga mwani, na siwalaumu, wao waliona fomu wakajaza. Kalenda ya kituo chetu ina bamvua zote za mwaka zimewekwa alama. Madarasa ya watu wa pwani hufunguliwa usajili siku za maji mafu, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana, na hubaki wazi kwa siku saba hata kama walioomba wamezidi nafasi, kisha ndipo tunapopanga. Vipindi vyenyewe navyo tunavihamishia alasiri wiki ya bamvua.

Karafuu ni hivyo hivyo, tena zaidi. Msimu ukiwa mkubwa, Pemba iko mashambani: wachumaji wako juu ya mikarafuu tangu alfajiri, nyumbani watu wanachambua hadi usiku, na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kandokando ya barabara. Ukifungua darasa mwezi huo utabaki na viti vitupu, na anayesoma ripoti mbali na hapa ataandika kwamba Wapemba hawapendi mafunzo. Tena karafuu hazina tarehe. Mwaka mmoja ni nyingi, mwaka mwengine ni haba, na msimu unaweza kuwahi au kuchelewa. Kwa hiyo darasa la baada ya karafuu tunaliweka lionekane bila tarehe ya usajili, tumeandika "baada ya karafuu, tutatangaza", na kila mtu hapa anaelewa. Ni taarifa ya kweli kuliko tarehe iliyobuniwa ofisini.

Jengine dogo: mifumo hii inakuruhusu kunakili darasa la mwaka jana likaja na mipangilio yake yote. Inaokoa muda, lakini Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na ratiba iliyokaa vizuri mwaka jana inaweza kuangukia saa ya kufuturu. Zipitieni tarehe zote moja moja.

Nije kwenye kugawa nafasi. Tuna vyerehani 12, basi nafasi ni 12. Utaratibu wa anayewahi ndiye anayepata unaonekana wa haki, na kwa foleni ya mkate ni wa haki. Kwenye mtandao anayewahi ni mwenye simu nzuri, mwenye bando, anayekaa panaposhika mtandao, na ambaye saa hiyo hana mtoto mgongoni. Moodle inakuruhusu kuweka njia zaidi ya moja ya kujiandikisha ndani ya darasa moja, kila moja na nenosiri lake na idadi yake ya juu. Sisi tunaweka milango miwili. Mmoja una nafasi sita kwa yeyote. Wa pili una nafasi sita kwa shehia za mbali tulizokubaliana msimu huo, na nenosiri lake linatolewa na sheha. Wenzangu kadhaa wameniambia kwamba huo ni upendeleo. Naheshimu maoni yao, ila nawaomba watazame daftari la mahudhurio la miaka iliyotangulia, waone wanafunzi walikuwa wanatoka wapi wakati mlango ulikuwa mmoja.

Nenosiri lenyewe haliwekeki siri muda mrefu. Likishaingia kwenye kundi moja la WhatsApp, basi. Tunalibadilisha kila msimu, na kulibadilisha hakumtoi aliyekwisha kuingia, na siku ya kwanza ya darasa tunatazama Zan ID, kitambulisho cha Mzanzibari, ya mtu na shehia yake. Hilo linatosha kwa kituo cha ukubwa wetu.

Nafasi zikijaa, kuna orodha ya kusubiri. Moodle haiji na orodha hiyo, inabidi uongeze kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza. Sisi tunatumia daftari la kawaida lililoko kwa karani, na kila anayeandikwa anaambiwa namba yake. Mtu akiacha, tunampigia wa kwanza, anapewa mpaka alasiri ya kesho yake, kisha wa pili. Hatumruki mtu. Siku mama wa namba nne anapomwona wa namba tisa yumo darasani, hatoamini tena tangazo lolote kutoka kwetu, na kijiji chake chote kitajua kabla ya Magharibi.

Nimesema darasa lionekane, na sasa niseme wapi lisionekane. Darasa ambalo mwalimu wake hajathibitishwa au fedha zake hazijaingia lifichwe mpaka mambo yakae sawa, maana kumpa mtu matumaini kisha kuyafuta ni kumvunja moyo. Kuna na madarasa ambayo kufichwa kwake ni sitara. Tuliwahi kufundisha vijana wanaotoka soba hausi, waliokuwa wakijinasua na dawa za kulevya, na tumefundisha wanawake waliokimbia kupigwa majumbani mwao. Madarasa hayo hayako kwenye tovuti, si jina, si siku, si chumba. Wanaandikishwa kwa mkono na mtu mmoja anayewajua. Visiwa vyetu ni vidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na hata hao utadhani wote wanajuana. Mume anayemtafuta mkewe hahitaji zaidi ya jina la darasa na saa ya kutoka.

Kwa ajili hiyo hiyo naumia nikiona orodha za waliochaguliwa zinarushwa Facebook zikiwa na jina kamili, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Waliochaguliwa wapigiwe. Ikilazimu kubandika, ibandikwe namba ya maombi peke yake.

Tangazo la picha linalozunguka WhatsApp ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halina kitufe. Tovuti ukiibadilisha imebadilika, fomu ukiizima imezimika, lakini picha iliyotumwa mwaka juzi bado inatembea kwenye status za watu leo. Wanakuja watu na tangazo la darasa lililokwisha zamani, wamekodi bodaboda, na tangazo limeandikwa "mwisho tarehe 20" bila mwezi wala mwaka. Tunachofanya ni kuandika mwaka kwa maandishi makubwa juu ya picha, na kuweka linki moja isiyobadilika kwa kila somo. Linki ya ushoni ni ile ile kila msimu. Anayeifungua leo, hata kutoka kwenye picha ya zamani, anaona hali ya sasa: linakuja, linapokea, au limejaa. Kabla ya hapo kila msimu ulikuwa na linki yake, na za zamani zilikuwa zinampeleka mtu kwenye ukurasa mweupe. Na kwa kuwa wengi hawafungui linki yoyote, karatasi inabandikwa pia kwa sheha na kwenye ubao wa skuli, na karani anampigia sheha siku darasa linapojaa ili aandike "limejaa" kwa kalamu nyekundu.

Hali ya mwisho ni darasa lililomalizika. Watu wengi hulifuta ili tovuti ikae safi. Mimi sikubaliani. Hoteli za Nungwi na Kiwengwa hutupigia kuuliza kama kweli kijana fulani alisoma upishi kwetu, na ukurasa wa darasa lililopita, wenye mada zake, saa zake na tarehe zake, unamsaidia kijana huyo kuliko maneno yangu kwenye simu. Waliosoma umeme jua nao wanarudi kwenye maelezo ya darasa wakiwa juu ya paa la mtu, betri haichaji, wanatafuta ile picha ya namna ya kuunganisha waya. Kwa hiyo tunaliondoa kwenye orodha ya madarasa yanayokuja, tunafunga usajili, tunaliacha wazi kwa waliolisoma, na ukurasa wa maelezo unabaki kwa yeyote. Tunachofuta ni kimoja: namba za simu na za vitambulisho vya walioomba wakakosa nafasi na kusema hawahitaji kusubiri tena. Hizo karani anazifuta mwisho wa msimu, kwenye kompyuta na kwenye daftari, na mimi nakagua.